Dawa ya maumivu yahitaji Kiswahili kilicho wazi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa aghalabu tunapozungumzia malezi, fedha au siasa. Leo nataka kuipeleka mahali pengine: kinywani mwa kijana aliyetoka kung'olewa gego la mwisho kwa upasuaji, shavu limemfura, na pakiti mbili tatu za vidonge zi mkononi mwake. Ufa wake ni maumivu ambayo bado hayajaanza, kwa kuwa ganzi ingalipo. Ukuta atakaoujenga usiku huo, akikosea kutumia dawa, anaujua yeyote aliyewahi kukesha na taya.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu amefuata nini kwa daktari wa meno. Udaktari wangu ni wa lugha, na fizi nawaachia wenyewe. Lakini kati ya mkono wa daktari anayeandika dawa na kinywa cha mgonjwa anayeimeza pana safari ndefu ya maneno, na katika safari hiyo dawa nyingi nzuri hupotelea. Dawa za kupunguza uvimbe ni mfano bora wa jambo hili, kwa sababu manufaa yake na madhara yake yote mawili hutegemea mgonjwa ameelewa nini alipoambiwa azitumie vipi.

Tuanze na jina la jino lenyewe. Waarabu huliita gego la akili. Waingereza na Wafaransa huliita jino la hekima, wakifuata Kilatini. Waturuki hulitaja kwa umri, jino la miaka ishirini. Wakorea huliita jino la mapenzi, nao Wajapani wamelipa jina lenye maana ya lisilojuliwa na wazazi, kwani huota mtoto akiwa amekwisha kutoka mikononi mwa waliomlea. Sisi twaweza kuliita gego la mwisho, na jina hilo halina mbwembwe lakini ni la kweli. Majina yote hayo yaafikiana kwa jambo moja: jino hili ni la ujana. Huchomoza kwa kawaida kati ya umri wa miaka 17 na 25, yaani wakati wa mitihani ya shule ya upili, wa chuo, na wa miaka ya kwanza ya kazi ya ualimu. Ndiyo maana naona wasomaji wa ukurasa huu ndio hasa wanaohusika.

Taya la watu wengi halina nafasi ya kutosha kwa mgeni huyu anayechelewa. Gego hulala upande, likasukuma jirani yake, au likabaki nusu limefunikwa na ufizi ambapo chakula hunasa na vijasumu huzaana. Hapo daktari huamua kuling'oa. Gego lililosimama wima huweza kutolewa kwa koleo kama jino jingine lolote. Lililolala huhitaji upasuaji: ufizi hupasuliwa, sehemu ya mfupa wa taya huchongwa, na pengine jino lenyewe hukatwa vipande ndipo litoke. Kisha ufizi hushonwa. Yote haya mgonjwa hayahisi kwa sababu ya sindano ya ganzi. Lakini ganzi haikai. Baada ya saa chache huondoka, nao mwili huanza kutoa taarifa ya yaliyoupata.

Taarifa hiyo ina historia ndefu. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mwandishi wa Kirumi aitwaye Celsus alizitaja dalili nne za sehemu ya mwili iliyoumizwa: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Tangu wakati huo orodha hiyo imefundishwa kwa wanafunzi wa udaktari kizazi baada ya kizazi. Jambo la kuzingatia ni kwamba dalili hizo nne hutokea pamoja kwa sababu chanzo chao ni kimoja. Mwili uliojeruhiwa hupanua mishipa midogo ya damu ili kupeleka askari wake na vifaa vya ukarabati. Damu ikiongezeka, mahali hapo huwa pekundu na pa moto. Maji yakivuja kutoka katika mishipa, pakavimba. Mishipa ya fahamu ikiamshwa, pakauma. Kwa hivyo uvimbe baada ya upasuaji ni kazi ya ukarabati inayoendelea, na wala si lazima uwe ishara kwamba kidonda kimeingiwa na uchafu.

Nini kinachoiamsha mishipa hiyo ya fahamu? Miongoni mwa vitu muhimu ni kemikali ziitwazo prostaglandini. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kutabasamu. Lilibuniwa katika miaka ya 1930 na Ulf von Euler wa Sweden, aliyedhani kwamba kemikali hizo zatoka katika tezi ya kiume iitwayo prosteti. Baadaye ilibainika kwamba karibu kila sehemu ya mwili, wa mwanamume na wa mwanamke, huzitengeneza. Kosa likasahihishwa, jina likabaki. Mnamo 1971, John Vane, aliyekuwa akifanya utafiti jijini London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson.

Ugunduzi wa Vane watupa kanuni ambayo kila mgonjwa wa gego angepaswa kuielewa. Dawa ya kupunguza uvimbe huzuia prostaglandini mpya zisitengenezwe. Haiwezi kuzifuta zile zilizokwisha kutengenezwa na kuanza kazi yake. Mtu akingoja mpaka maumivu yafike kileleni ndipo ameze kidonge, amekwisha kuuacha ufa ukawa pengo. Kwa sababu hii madaktari wengi wa meno humshauri mgonjwa ameze kidonge cha kwanza kabla ganzi haijaisha, kisha aendelee kwa saa maalumu katika siku mbili tatu za mwanzo, hata kama wakati fulani anajisikia vyema. Uvimbe wenyewe huongezeka polepole, ukafikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, ndipo ukaanza kupungua.

Miongoni mwa dawa hizo, iliyo maarufu zaidi ni ibuprofeni. Ilitokana na utafiti wa Stewart Adams na wenzake huko Nottingham, Uingereza, ikaanza kutumiwa nchini humo mwaka 1969. Wengi wetu huijua kwa jina la biashara la Brufen, na vijijini jina hilo limekwisha kuwa jina la dawa yoyote ya mviringo inayomezwa mgongo ukiuma. Ndugu zake ni diklofenaki, naproksini, na mkubwa wao wote, aspirini. Parasetamoli, ambayo watu huita Panadol, si wa ukoo huu. Hutuliza maumivu na kushusha homa, lakini nguvu yake juu ya uvimbe ni ndogo mno.

Tofauti hii imepimwa, na imepimwa kwa gego hasa. Wanasayansi wanaotaka kujua dawa ipi hutuliza maumivu kuliko nyingine wanahitaji watu wengi walioumizwa kwa namna moja, mahali pamoja, na wasio na maradhi mengine. Vijana wanaong'olewa magego ya mwisho wanatimiza masharti hayo yote. Tangu miaka ya 1970 kidonda cha gego kimekuwa uwanja mashuhuri wa kujaribia dawa za maumivu duniani. Mwaka 2013 mtandao wa kitaaluma wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio ya namna hiyo. Matokeo yalikuwa kwamba ibuprofeni ya miligramu 400 hutuliza maumivu baada ya upasuaji wa magego ya chini kuliko parasetamoli ya miligramu 1,000, na kwamba dawa hizo mbili zikitumiwa pamoja hufanya kazi vizuri zaidi ya moja pekee. Hapa mwenye gego hana sababu ya kubahatisha, elimu ipo. Kinachokosekana ni daraja la kuifikisha kwake.

Basi na tuliangalie daraja hilo, ubao kwa ubao.

Ubao wa kwanza uliooza ni neno dawa ya maumivu. Katika Kiswahili cha dukani, jina hili limebeba kila kitu. Tumpe mfano mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Amepewa ibuprofeni na daktari. Usiku jino linamsumbua, mwenzake wa chumbani anamwambia, "Chukua hii, ni dawa ya maumivu," akampa diklofenaki iliyosalia alipoteguka kifundo cha mguu. Asubuhi anapita dukani, anaomba dawa ya maumivu, anapewa kidonge cha kichwa ambacho ndani yake mna aspirini. Kwa hesabu yake ametumia dawa tatu tofauti zenye majina matatu. Kwa hesabu ya tumbo lake, amemeza dawa moja mara tatu.

Madhara yake si ya kubuni. Prostaglandini zile zile zinazoleta maumivu kinywani ndizo zinazolinda ngozi laini ya tumbo dhidi ya tindikali yake, na ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha. Ukizizuia kupita kiasi, tumbo huweza kutoboka vidonda na kuvuja damu, na figo zikaumia. Aspirini ina jambo lake la ziada: huzima chembe ndogo zinazogandisha damu, na kila chembe iliyozimwa haiwaki tena maishani mwake, ambayo ni siku saba hadi kumi. Mtu mwenye kidonda kibichi kinywani hahitaji dawa ya kumzuia asigande damu. (Anayetumia aspirini kwa amri ya daktari wa moyo, huyo asiiache kwa shauri la gazeti. Amweleze daktari wa meno mapema, wakubaliane.)

Kiswahili hakikosi maneno ya kutenganisha mambo haya. Yafaa tuzoee kusema dawa ya kutuliza maumivu kwa parasetamoli na mfano wake, dawa ya kupunguza uvimbe kwa ibuprofeni na ukoo wake, na kiuavijasumu kwa dawa ya kuua bakteria. Kisha iwe kanuni ya nyumbani kwamba hamezi mtu dawa mbili za kupunguza uvimbe kwa wakati mmoja. Ya kutuliza maumivu na ya kupunguza uvimbe huweza kwenda pamoja. Mbili za kupunguza uvimbe haziendi. Sentensi hii moja, ikieleweka, ingewaepushia watu wengi safari ya hospitali.

Ubao wa pili ni neno uvimbe lenyewe. Kwetu uvimbe ni shavu lililofura, ni jipu lililojaa usaha, ni nundu ya kichwa kilichogonga mlango, na pia ni ule uotaji wa hatari ambao madaktari wa saratani huushughulikia. Tusijilaumu, kwani hata Warumi walikuwa hivyo: neno walilotumia kwa uvimbe wa kawaida ndilo lililokuja kuwa jina la uotaji huo katika Kiingereza. Lakini utata huu una gharama. Mgonjwa akisikia "uvimbe" hufikiri usaha, na akifikiri usaha hukimbilia kiuavijasumu. Hununua vidonge vya rangi mbili, anavila siku mbili, uvimbe unapungua kwa sababu wakati wake wa kupungua umefika, naye anaondoka na imani kwamba vidonge ndivyo vilivyomponya. Mara nyingine ataanza navyo. Hivi ndivyo vijasumu hufundishwa kuzizoea dawa zetu, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limekuwa likilitahadharisha, na ambalo mwaka 2015 lililitungia mpango wa utekelezaji wa dunia nzima.

Mgonjwa atautambuaje uvimbe wa ukarabati na ule wa uchafu? Kwa kuhesabu siku. Wa ukarabati huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Wa uchafu huendelea kupanda baada ya siku ya tatu, au hushuka kisha ukarudi, na aghalabu huja na homa, usaha, au ladha mbaya kinywani. Akishindwa kumeza, kupumua kwa wepesi au kufungua kinywa zaidi ya alivyoweza jana, asingoje kesho. Aende hospitali saa hiyo hiyo.

Ubao wa tatu ndio unaonishughulisha kuliko yote, nao ni wa saa. Daktari anataka dawa imezwe mara tatu katika muda wa saa 24, kwa vipindi vilivyolingana. Katika karatasi yake huandika vifupisho vya Kilatini. Mhudumu wa duka la dawa anavigeuza kuwa tarakimu juu ya bahasha ndogo ya kaki: 1×3. Kisha hutamka, "Kimoja kutwa mara tatu." Sasa tulichunguze neno kutwa. Asili yake ni kitenzi cha jua kuchwa, yaani kuzama. Kutwa ni muda wa mchana, tangu kupambazuka hadi machweo, na ndiyo sababu tukitaka kuutaja muda wote twasema kutwa kucha. Anayekijua Kiswahili vyema na kuyafuata maneno hayo kama yalivyo atameza kidonge asubuhi, adhuhuri na alasiri, vyote kabla ya jua kuzama. Vipindi vitakuwa vifupi mchana, na usiku, ambao ndio wakati wa jino kuuma, utakuwa mtupu. Mgonjwa huyu hakukosea lugha. Aliyemhudumia ndiye aliyetumia neno la nusu siku kwa maana ya siku nzima.

Wengine, wakitaka kuwa wazi zaidi, husema "kila saa nane." Hapa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Katika Kiswahili saa nane ni muda wa saa nane, na pia ni saa nane ya mchana, wakati ambao saa ya simu huonyesha 2:00. Kila saa nane kwa maana hiyo ya pili ni mara moja tu kwa siku. Naye kijana aliyelelewa kwa Kiingereza cha shule, akisikia nane, hutega kengele ya simu yake ilie tarakimu 8 asubuhi na 8 usiku, ikawa mara mbili. Kauli moja imezaa maana tatu: mara moja, mara mbili na mara tatu. Walimu wanaotafuta mfano wa utata wa kimaana wa kuwapa wanafunzi wao, nawapa huu bila malipo. Katika mifano ya vitabuni utata huzua kicheko. Huu huzua maumivu.

Dawa ya utata huu i mkononi mwetu. Ni kutaja nyakati zenyewe kwa saa za Kiswahili: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kati ya kila wakati na unaoufuata pana muda wa saa nane kamili, na la mwisho linamlaza mgonjwa akiwa na kinga. Haihitaji ufafanuzi wa kutwa wala hesabu ya vipindi. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumkumbusha nyanya yake.

Kuna tena maneno ya "ukisikia maumivu," ambayo ni tafsiri yetu ya kile madaktari huandika kwa dawa isiyo na saa maalumu. Kwa mtu ambaye kichwa humuuma mara moja kwa mwezi, ni maneno mazuri. Kwa mgonjwa wa gego katika siku mbili za mwanzo huwa ni ruhusa ya kungoja ukuta uanguke. Isitoshe, katika jamii zetu kuvumilia ni sifa. Kijana akiambiwa ameze akisikia maumivu atajiuliza maumivu haya yametosha kuitwa maumivu au bado, naye akijitia uhodari atangoja mpaka machozi yamtoke. Daktari anayetaka dawa imezwe kwa saa na aseme hivyo.

Ubao wa nne ni dozi. Neno hili tulilichukua kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni kiasi kinachomezwa mara moja. Lilipofika kwetu likapanuka, likawa mkupuo mzima wa dawa mpaka pakiti iishe. Twasema "nimemaliza dozi," na kampeni za afya zimetufundisha, kwa haki, kwamba usipomaliza dozi ya kiuavijasumu au ya malaria wajitafutia balaa. Lakini mgonjwa aliyezingatia fundisho hilo huweza kulipeleka mahali pasipo pake. Akipewa vidonge 20 vya ibuprofeni, atavimeza vyote 20 kwa uaminifu, hata kama shavu limerudi hali yake siku ya nne. Dawa ya kupunguza uvimbe haina dozi ya kumaliza kwa maana hiyo. Hutumiwa kwa siku chache, kwa kiasi kidogo kinachotosha, na huachwa maumivu yanapokwisha. Kinyume chake, akisoma "dozi moja" katika maelezo, huenda akadhani ni pakiti nzima. Napendekeza tuliache neno dozi kwa matumizi ya mkupuo, nako kile cha mara moja tukitaje kwa hesabu ya vidonge. Kidonge hakina maana mbili.

Hesabu yenyewe ni hii kwa mtu mzima mwenye afya njema. Ibuprofeni ya miligramu 400, kidonge kimoja mara tatu, hufanya miligramu 1,200 katika saa 24, na hicho ndicho kiwango cha juu cha kawaida pasipo usimamizi wa daktari. Daktari aweza kuagiza zaidi kwa sababu zake. Parasetamoli ya miligramu 500 humezwa viwili viwili, vipindi visipungue saa sita, wala visipite vidonge vinane katika saa 24, kwa maana ini halisamehe. Ibuprofeni na imezwe pamoja na chakula, japo uji, kwani mwenye kidonda cha gego hali ugali siku ya kwanza.

Wapo wasiopaswa kuigusa ibuprofeni na ndugu zake bila kumuuliza daktari: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20. Choo kikigeuka cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, dawa iachwe na daktari aonwe mara moja. Pengine daktari wa upasuaji mwenyewe hutoa deksamethasoni, ambayo ni ya jamii nyingine yenye nguvu zaidi juu ya uvimbe. Hiyo ni silaha yake, nayo haifai kununuliwa kwa kuombana majirani.

Vidonge havifanyi kazi peke yake. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa shavuni kwa vipindi siku ya kwanza husaidia. Donge la damu lililoziba shimo la jino ni mlinzi wa mfupa, kwa hivyo mgonjwa asisukutue kwa nguvu siku hiyo, asinyonye kinywaji kwa mrija, na asivute sigara. Donge likitoka mapema mfupa hubaki wazi, na siku chache baada ya upasuaji, wakati mgonjwa anatarajia nafuu, huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni. Hayo hayatakwisha kwa kuongeza vidonge. Humhitaji daktari asafishe na kufunika shimo.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo hatuitumii. Jino laweza kuuma, kuwanga, kupwita, kuchoma au kufukuta, na kila kitenzi chaeleza hali yake. Linalopwita hufuata mapigo ya moyo. Linalofukuta lina moto wa ndani usiotulia. Mgonjwa akiulizwa hujibu "inauma" basi, au hutafuta neno la Kiingereza ambalo hana, ilhali kinywani mwake mna maneno ambayo yangemsaidia daktari kujua pa kuanzia. Tuwafundishe vijana kwamba vitenzi hivyo havikuumbwa kwa ajili ya insha peke yake.

Watasema wapinzani kwamba karatasi ya maelezo imo ndani ya pakiti, anayetaka kujua na asome. Ni kweli imo. Nyingi zake zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazima huzisogeza dirishani. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 chasema mtumiaji wa bidhaa ana haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, sioni jinsi pakiti ya dawa isiyosema neno la Kiswahili inavyoweza kusimama ikajitetea.

Hata hivyo, tusingoje sheria. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kesho kutwa kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika maelezo ya dawa moja kwa maneno yasiyozidi 60, yasiyo na utata, kisha darasa likayasoma na kuyatafutia kosa. Wanafunzi wa tafsiri vyuoni wanaweza kuwatembelea wahudumu wa maduka ya dawa, wakasikiliza yanayosemwa dirishani na kupendekeza yaliyo bora. Nao wafamasia, badala ya 1×3, wanaweza kuandika juu ya bahasha maneno kama haya:

"Ibuprofeni, miligramu 400. Dawa ya kupunguza uvimbe. Meza kidonge kimoja na chakula: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Usizidishe vitatu kwa siku. Usichanganye na diklofenaki wala aspirini bila idhini ya daktari. Ukipona, acha. Ukiona choo cheusi, acha na umwone daktari."

Hayo yanaenea nyuma ya bahasha ya kawaida, na kuyaandika huchukua dakika mbili. Kwa kijana ambaye ganzi inamwishia akiwa peke yake katika chumba cha bweni, dakika mbili hizo ndizo zitakazomwezesha kulala.